Uzoefu wangu: seti ya kufufua kabureta za SU kwenye Datsun 240Z

Seti hii ni ya zile kabureta mbili za Hitachi, muundo wa SU (wa Kiingereza, ambao pistoni ndogo hupanda na kushuka ndani ya kuba), zenye kuba la mviringo. Kwa anayeirudisha 240Z ya 1970 hadi 1972 katika hali ya kiwandani, hizo ndizo zake. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, na hadi leo wapo wengi Afrika Mashariki wanaolipenda, lakini mengi yamevuliwa kabureta zake yakavishwa kabureta tatu za Weber.

Ndani ya boksi kuna gasketi zote, vali za boya (zinazofunga na kufungua petroli) na washa zake, yaani pete bapa za kuzikalia. Gasketi ni nzuri, zinakaa bila kulazimishwa. Nozeli (tundu la kutolea petroli) na sindano kubwa inayoingia ndani yake hazimo, na shafti za kufungulia hewa hazimo pia. Hapo ndipo watu wanapopoteza fedha: wanabadilisha gasketi, gari linabaki vilevile.

Kwa hiyo anza na shafti. Ishike, itikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na injini haitatulia ikinguruma bila kukanyagwa, hata ukirekebisha kutwa nzima. Ukiwa na shaka, washa injini, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye ncha za shafti, mbali na ekzosi yenye moto. Mngurumo ukibadilika, mpelekee mkerezaji kabureta, atoboe matundu ya shafti na kuweka bushi mpya. Seti haiwezi kuponya hilo.

Wakati wa kufungua, weka alama: kuba na pistoni yake vilikerezwa kwa pamoja, usizichanganye za mbele na za nyuma. Ndani ya kuba usipitishe msasa kabisa. Mchanga wa kupulizia nao nawasihi muuepuke, maana chembe hujificha kwenye vijia vya petroli na rangi ya asili ya alumini hupotea. Petroli safi, brashi laini na hewa ya kompresa vinatosha.

Sindano ikiwa na mikwaruzo ya duara, inunue upya, ukisoma kwanza alama iliyochongwa kwenye shina lake, kwa sababu kabureta za skrubu 4 na za skrubu 3 si kitu kimoja. Bega la sindano liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni. Kisha nozeli iwekwe katikati: inua pistoni kwa kidole, iachie, ishuke yenyewe na utasikia mlio mdogo wa chuma. Ikishuka kwa kusitasita, sindano inagusa. Legeza nozeli, panga tena.

Vali mpya ya boya lazima ipimwe, kwani washa ikizidi unene hubadilisha kimo cha petroli. Geuza kifuniko cha bakuli la boya juu chini. Kati ya uso wake na mkono wa boya iwe milimita 14 hadi 15. Kunja ulimi mdogo tu, usikunje boya.

Anzia na nati za nozeli zikiwa zimeshushwa mizunguko 2 na nusu kutoka juu kabisa, zote mbili sawa. Mimina oili ya injini namba 20 kwenye kuba hadi kati ya mistari ya kijiti kilicho kwenye kizibo cha kuba. Lakini vali za injini zipimwe kwanza: ikiwa baridi, za kuingiza milimita 0.20 na za kutoa 0.25. Zisipokuwa sawa, utailaumu kabureta bure.

Kwa kabureta ambayo shafti zake ni nzima, naipa seti hii nyota 4.