Modi ya mvua ya Minecraft: kazi nzuri, jibu la dharau

Naandika hasira hazijapoa. Hii modi (faili la nyongeza linalobadilisha gemu) inaongeza sauti za mvua kwenye Minecraft, na ukurasa wake unasema wazi kabisa kwamba inakubali toleo la 1.20.1: weka Fabric (programu inayopakia modi), weka Fabric API (maktaba ambayo modi zake huitegemea), tupia faili kwenye folda ya mods, basi. Nikafanya hivyo hivyo. Nikabonyeza kucheza, dirisha likachungulia, likatoweka, nikaachiwa "Exit Code: 1".

Nikadhani kosa ni langu. Humo ndani nilikuwa na modi nyingine 22. Nikazitoa zote, nikarudisha nusu, nikawasha. Nikarudisha zilizobaki, nikawasha tena. Zote zinaelewana. Nikiiweka hii moja tu, gemu inazima. Jioni nzima ikaishia hapo.

Nikamwandikia aliyeitengeneza, kwa adabu, salamu kwanza, na logi nzima (faili ambalo gemu huandika kila kilichotokea) nikaiambatisha. Jibu lake: "Soma maelekezo. Sina muda wa kufundisha watu." Hata salamu hakuitikia. Na maelekezo nilishayasoma mara tatu!

Basi nikaifungua hiyo logi, latest.log, mwenyewe, nikashuka mstari kwa mstari hadi nikakutana na UnsupportedClassVersionError, yaani kosa la toleo la Java, programu inayoendesha gemu. Pale pale imeandikwa kwamba faili la modi ni la namba 65.0, wakati Java iliyopo mwisho wake ni 61.0. Hiyo 61 ni Java 17, ndiyo inayotumiwa na 1.20.1. Na 65 ni Java 21, ambayo Minecraft ilianza kuidai kwenye 1.20.5. Yaani yeye ndiye aliyeiunda modi kwa Java isiyo ya toleo alilolitangaza, na kwenye hayo maelekezo yake neno Java halimo. Halimo popote! Mstari huo ulikuwemo kwenye logi niliyomtumia. Hakuifungua.

Nikasakinisha Java 21, nikaingia kwenye mipangilio ya launcha (programu ya kuwashia gemu) nikaielekeza huko. Gemu ikawaka mara ya kwanza.

Nilikusudia kuwaambia msiiguse kabisa. Lakini mvua ikaanza nikiwa ndani ya nyumba yangu ya mbao, nikaisikia ikigonga paa, mlio mkavu wa mbao. Nikatoka hadi ukingoni mwa ziwa, mlio ukalainika. Nikaingia pangoni, ikabaki kwa mbali nyuma yangu. Nilisimama tu nasikiliza, sikuchimba hata jiwe moja. Ni kazi ya mtu mwenye sikio, na inastahili nyota tano.

Ila siwezi kumpa tano mtu aliyenijibu vile. Nimerudi kwenye ukurasa wake kabla ya kuandika haya: maelekezo ni yale yale, na Java bado haijatajwa. Nampa mbili. Siku nikikuta mstari huo umeandikwa, nitazipandisha.