Evo au STI: ipi inastahili pesa yako

Ukitaka gari la milango minne lenye turbo, magurudumu yote manne yakivuta, na mwendo wa kweli kwa bei isiyofikia ya Porsche, utaishia kwenye majina mawili: Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX STI. Hapa kwetu ubishi huu ni wa zamani. Richard Burns alishinda Safari Rally mwaka 1998 akiwa na Mitsubishi, kisha akaishinda tena mwaka 2000 akiwa na Subaru, na kila upande una ushahidi wake hadi leo.

Usiamue kwa nguvu ya injini. Hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya nguvu za farasi 280, kwa hiyo katika kizazi hicho magari yote mawili yalisoma 280 kwenye karatasi. Kinachotenganisha gari zuri na shimo la pesa ni hali ya injini, hali ya difu, na kama mjini kwako yupo fundi anayelijua. Mpangilio huu unawahusu wanaotaka kuliendesha gari kila wiki kwenye barabara zetu zenye matuta na foleni.

1. STI GRB na GVB (2007 hadi 2014), gia ya mkono

Herufi hizi ni za namba ya chesisi: GRB ina mlango wa nyuma unaopanda juu, GVB ni sedani. Zile za soko la Japani zina injini ya EJ207 ya lita 2.0, nguvu 308, na gia sita za mkono. Tunaiweka ya kwanza kwa sababu ya matumizi ya kila siku: imetulia kwenye barabara mbovu, viti vya nyuma vinakaliwa na watu wazima, na mafundi wa injini za EJ ni wengi kwa kuwa Forester na Legacy zimejaa mitaani. Kitufe cha DCCD karibu na mkono wa gia hukuruhusu kuchagua jinsi difu ya kati inavyojifunga. Ukiiachia huru zaidi, gari linageuka kwa wepesi. Ukiifunga kwenye lami kavu, litasukuma pua nje ya kona na kuchosha mitambo.

VAB, iliyofuata 2014, ina injini ileile na bodi ngumu zaidi. Ukiipata kwa bei unayoimudu, chukua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na VAB iliacha kuuzwa Japani mwishoni mwa 2019, kwa hiyo muda wa kuagiza za mwisho ni mfupi. Tanzania hakuna katazo hilo, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Piga hesabu hiyo kabla ya kutuma pesa Japani.

Kasoro yake kubwa ni oili. EJ hula oili, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna takribani lita moja tu. Ikishuka, beringi za konrodi ndizo za kwanza kufa. Pima kila unapojaza mafuta, badilisha kila kilomita 5,000, na mkanda wa taimingi usivuke kilomita 100,000. Epuka injini ya lita 2.5, EJ257, iliyopelekwa masoko mengine: kingo za pistoni zake huvunjika na gasketi za silinda huvuja mara nyingi kuliko kwenye EJ207.

2. Evo IX (2005 hadi 2007)

Kwa raha ya kuendesha peke yake, hii ndiyo ya kwanza, tena kwa mbali. Ina takribani kilo 1,410, nyepesi kuliko GVB kwa kilo kama 80, na usukani wake unaitika papo hapo. Siri iko kwenye AYC, mtambo wa difu ya nyuma unaohamisha nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Unapokanyaga mafuta katikati ya kona, STI huanza kutanuka nje. Evo hujivuta ndani. Swichi ya ACD, inayosimamia difu ya kati, ina hali tatu, lami, changarawe na theluji, na ile ya changarawe ina kazi ya kweli kwetu.

Injini ya 4G63 ina bloku ya chuma na huvumilia kuongezewa presha ya turbo. Adui yake ni mikanda. Kuna mkanda wa taimingi na mwingine mdogo wa shafti za kusawazisha. Ule mdogo ukikatika, huweza kuingia kwenye mkubwa na valvu zikagonga pistoni. Badilisha yote miwili pamoja, na rola zake, ifikapo kilomita 90,000.

Imeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ya bei na kutu. Wakusanyaji wameipandisha bei, na nyingi zilipita kwenye chumvi ya barabara za theluji za Japani. Toa zulia la buti ukague vichwa vya shokapu za nyuma na bati lililo nyuma ya bampa.

3. Evo X ya gia ya mkono (kuanzia 2007)

Ina mnyororo wa taimingi badala ya mkanda na bodi ngumu, lakini imeongezeka uzito hadi kilo 1,500 na ushee. Gia zake tano zinakufanya uitamani ya sita kwenye safari ndefu. Pampu ya AYC imewekwa karibu na gurudumu la nyuma, mahali pa matope na maji, na ikioza bili yake inauma. Taa ya mtambo huo ikiwaka kwenye dashibodi, ondoa gharama ya pampu nzima kwenye bei.

Yenye gia za SST, klachi mbili zinazojibadilisha zenyewe, iache. Hubadilisha gia kwa kasi ya ajabu, ila hupata joto kwenye foleni na milima, na fundi anayeweza kuifungua sawasawa ni nadra.

4. STI GDB (hadi 2007)

Ni ya bei nafuu zaidi na ina utamu wake, lakini nyingi zimeshafunguliwa na kufungwa mara nyingi mno. Shokapu zake za mbele zilizogeuzwa hugongagonga grisi ikikauka.

Kabla ya kulipa

Soma namba ya chesisi kwanza. GDB, GRB, GVB na VAB ni STI. GDA na GH8 ni magari ya kawaida ya turbo yaliyobandikwa nembo. GRF na GVF ni otomatiki za lita 2.5. Kwa Mitsubishi, CT9A na CZ4A ni Evo, wakati CY4A ni Galant Fortis, hata ikiwa na boneti yenye matundu. Linganisha pia namba ya injini na kadi ya gari, maana injini za kubadilishwa ni nyingi.

Sikiliza. STI ya Japani kuanzia 2003 ina turbo ya njia mbili na mabomba ya eksozi yenye urefu sawa, hivyo haitoi ule mngurumo wa kudundadunda. Ukiusikia, kuna aliyebadilisha eksozi au injini, dai maelezo.

Pima kompresheni ya silinda zote. Tofauti isizidi asilimia 10, na kwenye EJ itazame zaidi silinda ya nne. Kisha kagua tairi. Zote nne ziwe aina moja na zimelika sawa, tofauti ya mzingo isizidi milimita 6, la sivyo difu ya kati inasagika kila kilomita. Endesha polepole ukizungusha usukani hadi mwisho: kukwamakwama ni dalili ya difu iliyochoka.

Mwisho, mafuta. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani ya okteni 100, na pampu zetu nyingi hazifiki hapo. Matokeo yake ni injini kugonga, yaani petroli kulipuka isivyotakiwa ndani ya silinda, jambo linalovunja pistoni, hasa gari likiwa na presha ya turbo iliyopandishwa. Tenga pesa ya kupanga upya kompyuta ya injini kwa petroli unayoipata kweli, na usilikanyage hadi kazi hiyo ikamilike.