Nilivuna mpunga katikati ya sanaa: uzoefu wangu Echigo-Tsumari, Japani

Nasoma Minamiuonuma, mkoani Niigata, na kwetu ni Kyela. Nimekulia kwenye mpunga. Kwa hiyo mwezi wa tisa 2024, mhadhiri wetu alipotualika Matsudai, sehemu ya mji wa Tokamachi, tukavune mpunga na kuona sanaa siku hiyohiyo, kilichonivuta ni mpunga. Sanaa niliichukulia kama nyongeza tu.

Sanaa hiyo ni ya tamasha linaloitwa Echigo-Tsumari. Lilianza mwaka 2000 chini ya uongozi wa Fram Kitagawa, na hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Lile la 2021 lilisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona, na la 2024 lilifanyika Julai 13 hadi Novemba 10. Usitegemee kukuta jumba moja la makumbusho. Kazi zaidi ya 300 zimetawanywa Tokamachi na Tsunan, eneo la kilomita za mraba kama 760: mashambani, msituni, kwenye nyumba zilizohamwa na shule zilizofungwa. Ni nchi ya theluji, ambayo kipupwe inaweza kufika mita tatu. Vijana wengi wamekwenda mijini, waliobaki kulima ni wazee. Hilo lishike kichwani kabla hujaenda, maana karibu kila kitu utakachoona kinatokana nalo.

Kutoka stesheni ya Muikamachi tulipanda treni ya Hokuhoku, mahandaki kwa mahandaki, tukashuka Matsudai. Majaruba ya huko yanapanda mlima kama ngazi, mengine madogo hata mashine haipati pa kugeukia. Mzee akiishiwa nguvu, jaruba linageuka pori. Ndiyo maana tangu 2003 kuna utaratibu unaoitwa Matsudai Tanada Bank: mtu wa mjini anachangia fedha kila mwaka jaruba liendelee kulimwa, anakaribishwa kupanda na kuvuna, kisha anapata mchele wake. Mhadhiri wetu ni mmoja wao.

Tuligawiwa mundu. Wa kwao ni mfupi, una meno kama msumeno, na unavutwa kuja kwako mara moja tu, bua limekatika. Nilidhani nitawafundisha wenzangu, lakini kwenye kufunga miganda nilikwama. Bibi mmoja wa kijiji, mgongo umepinda, alichukua nyasi chache za mpunga mkavu, akazizungusha kwenye mganda, akausokota wote kwa mkono mmoja na kuchomeka ncha kwa kidole gumba. Hakuna fundo. Ukivuta, haufunguki. Alinirudia mara nne bila haraka, akinishika vidole, mpaka wangu nao ukakaza. Baada ya hapo miganda inaningʼinizwa kichwa chini kwenye vichanja virefu vya miti ikauke kwa jua na upepo. Kwetu mpunga tunaupiga juu ya turubai. Hapa niliusikia ukichakarika juu angani kila upepo ulipopita, na harufu ilikuwa ileile ya nyumbani.

Tulipomaliza, kila mtu akamwambia mwenzake “otsukaresama”. Wanafunzi wa Kijapani huhangaika kuwatafsiria wageni neno hilo. Sisi tunalo: pole na kazi. Nilimwambia bibi yule kwa Kijapani, halafu nikarudia kwa Kiswahili, akainama akacheka.

Chakula kilikuwa matonge ya wali wa mpunga mpya, yenye chumvi tu, na supu ya nguruwe na mboga. Wasiokula nguruwe waseme mapema wakati wa kujiandikisha, wataandaliwa kingine. Mwenzetu kutoka Zanzibar alifanya hivyo akapewa supu ya uyoga.

Mchana tuliingia Nohbutai, jengo jeupe karibu na stesheni lililochorwa na MVRDV, kampuni ya wasanifu majengo ya Uholanzi, limesimama juu ya miguu. Ndani kuna jukwaa la kutazamia kazi ya wasanii Ilya na Emilia Kabakov iliyowekwa mwaka 2000. Ukisimama mahali pake, maandishi yanayoningʼinia mbele yako yanasimulia kazi ya mpunga, na ngʼambo ya mto, kwenye majaruba ya kweli, unaona sanamu za wakulima za buluu na njano zikilima, zikipanda, zikivuna. Mwenye majaruba alikuwa mzee aliyekusudia kuacha kilimo, na mwanzoni alisita kuwaruhusu wasanii. Nilikaa pale muda mrefu. Shati langu bado lilikuwa na makapi, na mikono ya sanamu iliinama vilevile nilivyoinama asubuhi. Nisingevuna kwanza, nadhani ningepiga picha na kupita.

Kwenye chumba kingine cha jengo hilo, kuta, meza, hata viti vimepakwa rangi ya ubao wa darasani na unaruhusiwa kuandika popote. Niliandika “ndaga”, asante ya Kinyakyusa.

Kuhusu shule zilizofungwa: nendeni kijiji cha Hachi. Shule ya msingi ya pale ilifungwa mwaka 2005, na msanii Seizo Tashima akaijaza maumbo ya mbao zilizookotwa na kokwa za matunda, wahusika wakiwa wale wanafunzi watatu wa mwisho. Nilishindwa kuongea kwa muda.

Malalamiko yangu ni usafiri. Mabasi ni machache, na lile tulilokuwa tumelipia liliondoka kabla ya saa iliyoandikwa. Tangazo la mabadiliko lilikuwa kwa Kijapani tu. Tulingoja karibu saa mbili tukakosa kazi tatu tulizozipanga. Kodini gari kama mna leseni inayokubalika, na msipange kazi zaidi ya tano kwa siku. Jumanne na Jumatano tamasha hufungwa. Vaeni mikono mirefu, maana mabua yanakwaruza, na viatu vya mpira, kwani chini bado kuna matope.

Mavuno yapo kila mwaka, hata tamasha kubwa lisipokuwepo, na kama utachagua siku moja tu chagua hiyo. Mchele wetu ulitufikia mwezi wa kumi, kilo moja kwa kila mmoja. Nilipika wa nazi. Wali uligandana, na kwa harufu wa Kyela bado unaushinda, lakini niliula wote siku ileile. Nimeshaomba nafasi ya kwenda kupanda.