Kanda za Shangazi Zasikika Tena: Tathmini ya Fundi wa Kanda Karibu na Mwembe Tayari

Kila Alhamisi baada ya swala ya isha, mmoja wetu katika kundi la WhatsApp la watu kumi na wanne tuliokulia Majengo na Kibokoni huweka wimbo mmoja, kisha akaeleza aliusikia wapi mara ya kwanza na alikuwa na nani. Wengi wetu hawaishi tena Mombasa; wako Jeddah, Maskati, London na Toronto, na waliobaki hapa ni wachache. Tangu siku ya kwanza tuliifananisha desturi hii na kadi za salamu tulizokuwa tukizipeleka redioni enzi za Sauti ya Kenya, ambapo mtu alichagua wimbo, akawaandika jamaa zake mmoja mmoja kwa majina na mitaa yao, kisha akakaa kando ya redio adhuhuri nzima akingoja zamu yake.

Nyimbo zetu ni za taarabu ya Mombasa, na mwanzoni hatukupata taabu ya kuzipata. Juma Bhalo anapatikana kwa wingi katika intaneti, na kila anapowekwa huzuka mjadala ule ule wa lahani za Kihindi alizozitia mashairi ya Kiswahili, mengi yao yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir. Zein l'Abdin anapatikana pia, na udi wake ukilia wenzetu wa asili ya Lamu hunyamaza kidogo kabla ya kuandika lolote. Matano Juma na kinanda chake cha umeme, Zuhura Swaleh na mwendo wake wa chakacha, Malika, Maulidi Juma: wote hao tuliwapata bila kutafuta sana. Lakini kadiri miezi ilivyopita, ndivyo maombi yalivyobadilika. Watu wakaanza kuulizia nyimbo walizozisikia wao wenyewe, uani, usiku wa harusi fulani, zikiimbwa na mwimbaji ambaye mbele yake kulikuwa na foleni ya watu wa kumtuza.

Tofauti hiyo ni kubwa, na bila kuielewa mtu hawezi kuelewa kwa nini niliitafuta huduma ninayoieleza hapa, ya kuhamisha kanda za kaseti kwenda kwenye kompyuta. Wimbo uliorekodiwa studioni, kwa mfano pale Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale, au uliotolewa katika santuri za Mzuri zilizokuwa zikitoka kwa Assanand hapa hapa Mombasa, ulikuwa umepimwa ukatoshea nafasi yake. Wimbo ule ule ukiimbwa harusini ulikuwa hauna kipimo. Ubeti ulirudiwa mara tano kwa kuwa kuna mtu ameinuka na noti mkononi, mwimbaji akalitia jina lake ndani ya kiitikio, vigelegele vikafunika ngoma ya dumbaki, na mahali fulani mtoto akalia. Nyimbo hizo hazikuuzwa popote. Zimo katika kanda za watu waliokuwa na desturi ya kwenda harusini na redio kaseti, na marehemu shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Aliacha kanda thelathini na moja ndani ya sanduku la bati, nyingi zimeandikwa kwa kalamu ya wino uliofifia, nyingine hazikuandikwa kitu.

Duka nililozipeleka liko katika kichochoro kimoja karibu na Mwembe Tayari, na kazi yake ya siku zote ni kutengeneza redio, spika na feni. Kazi ya kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta inafanywa na kijana mmoja akisaidiwa na dada yake, katika chumba cha nyuma chenye dirisha dogo. Sikupelekwa na tangazo lolote, ila na jirani aliyehamishiwa hapo kanda za mawaidha ya babake. Nilikwenda kwanza na kanda tatu tu, zile ambazo zingenisikitisha kidogo zikiharibika, na namshauri kila mtu afanye hivyo.

Kanda ya kaseti, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, ina utepe wa upana usiofika milimita 4, nao hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Katika nafasi hiyo ndogo kila kosa husikika. Jambo la kwanza ambalo fundi alilifanya, kabla hata hajaweka kanda yoyote katika mashine, ni kuzifungua na kuzitazama kwenye mwanga. Hewa ya pwani yetu ni nzito kwa unyevu, na katika kanda mbili alinionyesha ukungu mweupe kando ya utepe, kama chumvi iliyokauka ukutani. Katika ya tatu kipande cha sponji kinachousukuma utepe kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka.

“Mama, hizi ulizijaribu nyumbani?” akaniuliza.

Nilimwambia nilicheza moja mara mbili, ikakwaruza.

“Tafadhali usizicheze tena. Ukungu ukiingia kwenye mashine, unazipitia na nyingine.”

Alizihamisha tepe zenye ukungu kwenye maganda mapya, akazifuta kwa mkono kwa pamba na spiriti, mzunguko baada ya mzunguko. Kazi hiyo ilichukua siku mbili kwa kanda moja, na nilitozwa shilingi mia tatu zaidi juu ya bei ya kawaida ya shilingi mia tano. Nilizilipa kwa moyo mmoja.

Nieleze sasa kilichoniudhi, kwa sababu kilikaribia kunirudisha nyumbani na sanduku langu. Faili za kanda ya kwanza zilipokuwa tayari nilizisikiliza kwa simu nikiwa ndani ya feri ya Likoni, na nikaona ajabu ya sauti safi isiyo na mtu. Ule mvumo wa kanda ulikuwa umeondoka, lakini pamoja nao uliondoka mlio wa juu wa udi, pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti, na wale wanawake wa upande wa kushoto waliokuwa wakiitikia. Fundi alikuwa amepitisha kila kitu katika programu ya kusafisha sauti, na programu hiyo haikutofautisha mvumo na watu. Nilirudi siku ya pili nikamweleza kwamba sikuja kutafuta wimbo uliooshwa. Wimbo wenyewe ninao katika kumbukumbu, na ninaoutafuta ni ule ua wa harusi. Hakubisha. Alirudia kanda zote tatu bila malipo, na tangu hapo hutoa faili mbili kwa kila kanda, moja kama ilivyo na nyingine iliyosafishwa kidogo sana. Naona ilipasa aulize tangu mwanzo, na atakayempelekea kazi aliseme jambo hili kabla ya kuacha kanda zake.

Baada ya hapo kazi yake ilinishangaza kwa uzuri. Kabla ya kila kanda husikiliza dakika chache huku akizungusha taratibu skrubu ndogo ya kichwa cha kusomea mpaka sauti za juu zifunguke, kwa kuwa redio kaseti ya shangazi haikuwa imelingana sawasawa na mashine yake yeye. Siku moja nilimkuta amesimamisha kazi, ananisubiri. Katika kanda iliyokuwa ikichezwa, mwimbaji mwanamume tuliyemjua kwa sauti nzito alisikika kama kijana asiyebaleghe.

“Mama, huyu sauti yake ilikuwa nyembamba hivi?”

“La, mwanangu. Huyu alikuwa akiimba mpaka vikombe vikitetema.”

Akaniambia kwamba, kwa dhana yake, betri za redio kaseti zilikuwa zimelegea usiku ule, utepe ukarekodi kwa mwendo wa pole, na sasa unapochezwa kwa mwendo wake wa kawaida kila kitu kinakimbia na kupanda. Kisha akanionyesha namna ya kuusahihisha. Spika za harusi zilikuwa na ule mvumo wa umeme ambao sote tunaujua, na umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Katika kanda ile mvumo ulisomeka karibu 53. Akaupunguza mwendo katika kompyuta hadi mvumo ukashuka kufika 50, na hapo mwimbaji akarudi na kifua chake chote, ikawa kama kwamba amefunguliwa mlango akaingia chumbani. Mimi na yule kijana tulisikiliza ubeti mzima tumesimama.

Kulikuwa na jambo jingine lililonitia wasiwasi zaidi ya ufundi. Kanda sita kati ya zile thelathini na moja ni za shughuli za wanawake peke yao: vugo, na usiku wa kupamba. Wanawake walioimba na kucheka mle waliimba wakijua hakuna mwanamume anayewasikia, na wengine wao bado wako hai. Nilipomweleza fundi, alinikabidhi kwa dada yake, naye akazihamisha zote sita kwa kuvaa vifaa vya masikioni, mlango umefungwa, kisha akafuta nakala katika kompyuta nikiwa nimeketi kando yake. Faili hizo sikuziweka katika kundi letu. Nimezipeleka kwa wanawake wanne tu, kila mmoja peke yake. Duka linalolielewa jambo hili bila kulazimika kuelezwa mara mbili linastahili kupewa amana za watu.

Kwa upande wa kanda za kununua, fundi huuliza kama ni kwa matumizi ya nyumbani, na anakataa kukutolea nakala za kuuza. Naliunga mkono hilo, maana waimbaji wetu waliibiwa kazi zao kwa nakala za mitaani walipokuwa hai, na warithi wao nao wana haki zao.

Kuhusu kutuma, hapa ndipo wengi hukosea. Faili kamili ya sauti huchukua takribani megabaiti 10 kwa kila dakika, yaani kanda ya dakika 60 hupita megabaiti 600, na hiyo si ya kumtumia mtu aliyenunua bando la siku. Fundi hukupa faili kamili ndani ya flashi uihifadhi, na MP3 nyepesi za kushirikisha wenzako, kila wimbo peke yake. Tatizo ni majina. Alipokosa kuelewa maandishi ya shangazi alikisia, akamwandika Maulidi Juma mahali pa mtu mwingine kabisa, na faili saba zikaja na tarehe ya siku ya kuhamishwa badala ya ile iliyoandikwa kwenye ganda. Nililazimika kukaa jioni tatu nikisahihisha. Ingekuwa bora lau angepiga picha kila ganda na kuiweka pamoja na faili, na nimemwambia hivyo; katika kundi la mwisho la kanda picha zilikuwapo.

Usikivu wa kazi hii niliupima Alhamisi moja ya mwezi uliopita, nilipoweka wimbo wa dakika kumi na moja kutoka katika harusi iliyofanyika Kibokoni, ile faili isiyosafishwa. Sikuandika maelezo yoyote. Mwenzetu wa Maskati alitangulia kuutambua ua kwa mlio wa lango la bati. Wa London akasema dumbaki ile ni ya mtu fulani, kwa jinsi alivyokuwa akichelewa nusu pigo kwa makusudi. Halafu, yapata dakika ya saba, mwimbaji anakatisha ubeti na kumshukuru mtu aliyekuja kumtuza, analitaja jina lake na la babake. Dada yetu wa Toronto hakuandika kitu kwa muda wa saa nzima. Baadaye alituma ujumbe wa sauti akituambia kwamba huyo aliyetajwa ni babake, kwamba yeye hakuwahi kujua kuwa mzee wake alikuwa mtu wa kuinuka mbele za watu na noti, na akaniomba nimpelekee faili kubwa, ile kamili, kwa njia yoyote ile na kwa gharama yoyote ile. Wimbo ule ungepitishwa katika programu ya kusafisha, jina lile lingezama pamoja na kelele za watu.

Kwa jumla nimelipa shilingi elfu kumi na tano na mia tatu kwa kanda ishirini na saba, sita kati yake zikiwa za ukungu, na kazi imechukua wiki saba, ingawa niliahidiwa nne. Aliye na haraka ya shughuli ya wiki ijayo asiende huko. Malipo hufanywa nusu kwanza na nusu ukishasikiliza, utaratibu ambao sikuupata mahali pengine nilipouliza. Chumba cha nyuma kina joto kali, kwa hiyo ni vyema kwenda asubuhi, kabla kijana hajazidiwa na wateja wa feni.

Kanda nne bado ziko kwangu. Mbili zimekatika katikati, na mbili ukungu wake umeingia ndani mpaka kwenye kitovu cha gurudumu. Fundi amenishauri nisizipeleke wakati huu wa mvua za masika. Nizisimamishe wima mahali pakavu, mbali na spika, mpaka upepo wa kusi utulie na hewa ikauke. Moja ya hizo nne shangazi aliiandikia juu yake neno moja tu, “Yangu”, na kundi zima linaisubiri.