Mfano wa plastiki wa gego la kwanza la chini: juu safi, mizizini una kasoro

Kwa kufundishia, sehemu ya juu ya mfano huu ni kazi nzuri kweli. Vilele, yaani vinundu vya kutafunia, ni 5 kamili: 3 upande wa shavu, 2 upande wa ulimi. Vijifereji kati yake vimechongwa vyembamba na vya kina. Ingiza ncha ya penseli, itakwama kabla ya kugusa chini. Ndivyo unywele wa mswaki unavyokwama kwenye gego halisi, na ndiyo maana jino hili, linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, hutoboka mapema.

Ufungue sasa. Mizizi ni 2, sawa, lakini mzizi wa mbele umepewa mfereji 1 (njia ya ndani ya neva na damu) wakati kwa kawaida una 2. Kosa hili si dogo: anayetibu mzizi akiusahau mfereji wa pili, uchafu hubaki ndani na usaha hurudi. Chora wa pili kwa kalamu nyekundu kabla ya somo. Enameli, gamba gumu la nje la jino, nayo imepakwa unene mmoja hadi shingoni; kwenye jino halisi hufika kama milimita 2.5 vileleni, kisha hukonda.

Sumaku inayounganisha vipande ni dhaifu. Ijaribu hapohapo dukani.