Wikiendi Gisenyi, Ziwa Kivu: uzoefu wangu kwa mnaotokea Kigali

Kila mtu akiniuliza yuko Kigali kikazi wikiendi aende wapi namjibu Gisenyi, na sibadilishi. Siku hizi wilaya inaitwa Rubavu ila ukifika stendi ya Nyabugogo sema Gisenyi tu watakuelewa. Sababu yangu kubwa ni ufukwe. Yaani ule ufukwe wa mjini uko wazi kwa watu wote, hamna geti, hamna mtu anakuuliza umenunua nini, kuna barabara ndefu ya miti pembeni ya maji, jioni unakuta familia nzima, wanafunzi, wazee, watoto wanaogelea, na hulipi hata mia. Miji mingi ya ziwani niliyopita ukitaka kukanyaga mchanga lazima upitie kwenye hoteli ya mtu ununue soda kwanza. Hapa ziwa ni la watu na mimi hicho ndo kinanirudisha.

Njia yenyewe sasa. Basi ni zile kosta, tiketi ina namba ya siti na muda, na ukichelewa inakuacha kweli, sio maneno. Nauli zinapangwa na mamlaka ya serikali kwahiyo hakuna kubembelezana. Ni masaa matatu mpaka manne hivi, kona kona tupu, kama tumbo lako halipendi kona kula kidogo. Omba siti ya upande wa kulia, maana ukishapita Musanze (wazee bado wanaita Ruhengeri) milima ya volkano inakuwa upande huo, Sabyinyo yenye meno meno, Bisoke, halafu Karisimbi mita 4,507 ambayo ndo kubwa kuliko zote Rwanda. Kukiwa na mawingu huoni kitu, kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane nako kuna ukungu wa vumbi, mimi naona asubuhi mapema baada ya mvua ya usiku ndo inapendeza zaidi. Mambo ya gorila weka pembeni, kibali kwa mgeni ni dola 1,500, hiyo sio safari ya wikiendi.

Muhimu sana hii: usipange kuondoka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda, nchi nzima inafanya usafi na kazi za jamii mpaka saa tano, mabasi hayatembei. Ondoka Ijumaa jioni ukitoka kazini.

Kuogelea ni raha, Kivu haina mamba wala kiboko, na kwa mtu wa Kigoma kama mimi niliyekua naambiwa kila siku angalia mamba, hiyo ni amani ya moyo kabisa. Ila ogelea pale wenyeji wanapoogelea. Lile ziwa chini kabisa lina gesi nyingi, methane na kaboni dayoksaidi, methane wanaivuna kufua umeme, na ukanda ule wa volkano kuna sehemu za mabondeni gesi inatoka ardhini na inaua. Wenyeji wanazijua, kwahiyo usijitafutie kona yako ya peke yako.

Chakula ni sambaza. Vile visamaki vilitolewa Ziwa Tanganyika vikapandikizwa Kivu miaka ya mwisho ya 1950, kwahiyo mimi nilikuwa nakula dagaa wa kwetu ugenini na wala sikujisikia mgeni. Wanakaangwa wakavu wanaliwa na limao na pilipili, agiza sahani kubwa. Mishikaki ya mbuzi ipo kila kona na viazi vya kuchoma, tamu, ila inachelewa, agiza kabla hujaanza kusikia njaa. Jioni kaa ufukweni uwaone wavuvi wanatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu mbele na nyuma, wanapiga makasia huku wanaimba, usiku wanavua kwa taa. Hiyo peke yake inatosha kuwa safari.

Jumapili asubuhi nenda chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kusini ya mji, chukua pikipiki (kofia ya abiria ni lazima, dereva anayo). Maji yanatoka moto wa kuunguza yanachanganyika na ya ziwa, unatafuta sehemu inayokufaa unakaa. Kuna vijana wanakanda mwili, patana bei kabla hujalala chini.

Malazi ndo pamenikera. Gesti niliyolala iliandika maji ya moto na intaneti, maji ya moto yalikuja usiku tu na intaneti haikushika kabisa chumbani, na bei waliyonitajia mlangoni ilikuwa juu kuliko ya kwenye simu. Kwahiyo kagua bomba kabla ya kulipa. Hoteli za ufukweni ni nzuri ila kama mchana kutwa uko majini sioni haja, gesti za mjini dakika chache kwa mguu zinatosha.

Lugha hamna shida, Goma ya Kongo iko hapo hapo ng'ambo ya mpaka na watu wa Gisenyi Kiswahili wanaongea tangu zamani, kabla hata hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mlima wa volkano wa Nyiragongo nao unaonekana, ule uliolipuka Mei 2021, matetemeko yake yakapasua nyumba mpaka huku Gisenyi. Na usalama nauongelea kwa uzito wake: Januari 2025 vita ilipoingia Goma mabomu yaliangukia mpaka upande huu, watu wakafa. Wenyeji wameumia na bado wana ndugu kule ng'ambo. Kabla hujaenda piga simu gesti uulize hali ikoje wiki hiyo, na kuvuka mpaka kwa matembezi mimi sishauri.

Tiketi ya kurudi Jumapili kata siku ile ile unayofika, mabasi ya jioni yanajaa mapema. Na ukiwa umetoka Tanzania kumbuka saa ya Rwanda iko nyuma saa moja.