Kozi ya hiari ya mwanadamu: nyota tatu, ingekuwa nne kama siyo somo la ubongo

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya falsafa inayouliza kama kweli tuna hiari au kila tunachofanya kilishaamuliwa na sababu zilizotangulia, na kama ni hivyo basi tunalaumiana kwa lipi. Masomo mafupi, sauti safi, mwalimu anaongea kama mtu. Ila apu yenyewe ni kichekesho, somo likiisha linalofuata linaanza lenyewe hujabonyeza kitu, na usajili unajiendeleza mpaka uende mwenyewe kwenye setingi ukauzime. Apu ya kozi ya hiari jamani!

Mwanzo ni mzuri sana. Anatenganisha majaaliwa na determinizimu, vitu ambavyo wengi tunavichanganya: majaaliwa ni kwamba jambo litatokea tu ufanye usifanye, mgonjwa siku yake ikifika imefika awe kanywa dawa au hajanywa, wakati determinizimu inasema mgonjwa kapona kwa sababu kanywa dawa, na kunywa dawa nako kuna sababu zake, na hizo zina zake, mpaka huko nyuma kabla hajazaliwa. Yaani uamuzi wako upo na unafanya kazi, ila nao umetoka mahali. Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, anaipitia mbio lakini inatosha, hata kama chembe zinarukaruka bila sababu hiyo haikupi hiari, maana kitendo kilichokutokea kwa bahati nasibu utakiitaje chako?

Sasa somo la ubongo ndo limeniudhi. Linatangazwa kama bomu: jaribio la mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet la 1983, watu wanakunja kiganja muda wowote wanaotaka huku wanaangalia saa, na mashine inaonyesha ubongo unaanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, wakati mtu mwenyewe anasema amejisikia kutaka kama sehemu ya tano tu ya sekunde kabla. Mwalimu anafunga hapo, hiari imekufa, kwaherini. Hasemi kabisa kwamba 2012 mtafiti Aaron Schurger na wenzake walionyesha ule mpando wa mawimbi ya ubongo unaoonekana kwenye mashine unaweza kuwa ni kelele za kawaida za ubongo zinazopanda na kushuka, na mkono ukasogea pale zinapofika kiwango fulani, kwa hiyo siyo lazima uwe uamuzi uliofanyika kwa siri. Na hata tuyaache hayo, kukunja kiganja bila sababu yoyote kuna uhusiano gani na mtu aliyekaa wiki nzima anapanga kumdhulumu nduguye?

Usikate tamaa hapo lakini, endelea, kwa sababu baada ya hapo kunakuja mwanafalsafa Harry Frankfurt na mfano uliotokana na makala yake ya 1969: mtu ana kitu kichwani ambacho kingemlazimisha kuua kama angesitasita, ila hakusitasita, kaua kwa kutaka kwake na kile kitu hakikugusa chochote. Hakuwa na njia nyingine, na bado unamlaumu. Nilisimamisha video nikafikiria muda mrefu, maana siku zote hoja yetu huwa ni "angeweza kufanya vingine", sasa hapa hangeweza na lawama iko palepale.

Halafu kile kisa cha mwalimu wa shule huko Marekani, kilichapishwa 2003, mtu wa miaka 40 hivi akaanza kuwatamani watoto, akahukumiwa, akaja kukutwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, ukatolewa tabia ikaisha, ikarudi, kuangalia tena uvimbe umeota upya. Kozi inasema sisi wote ni kama yeye, tofauti ni kwamba sababu zetu hazionekani kwenye picha. Mi sikubali. Yule alikuwa anajua ni kosa na hawezi kujizuia, uwezo wa kupokea sababu na kujirekebisha ndo ulioharibika, wengi wetu upo mzima hata kama hatukujitengenezea wenyewe. Kozi inaruka hii kabisa.

Sehemu ya adhabu ni fupi mno kwa uzito wake. Wanamtaja mwanafalsafa Derk Pereboom, kwamba mhalifu hatari tumshike kama tunavyomtenga mwenye ugonjwa wa kuambukiza, bila kusema anastahili kuumia. Inasikika ya huruma, ila mgonjwa anatengwa mpaka aache kuwa hatari, je mwizi mdogo asiyebadilika akae ndani maisha? Kustahili kunapima adhabu isizidi kosa, ukiondoa hoja hiyo ya kustahili lazima useme kipimo kipya ni kipi. Pereboom mwenyewe ana majibu yake kwa hilo, wanafunzi hatupewi hata moja.

Maswali ya mwisho wa somo ni ya kukariri majina na miaka, yapite tu. Kama hujawahi kusoma falsafa itakufaa, ila anza na Frankfurt, somo la ubongo liache mpaka mwisho. Kama umeshasoma kidogo pesa yako itunze.